Kinga Isiyotembea: Seli Zinazoishi Ndani ya Ngozi, Mapafu na Macho Yetu

Kaa nusu saa kwenye duka la dawa lolote pale Majengo, Dodoma, na huenda ukamsikia mtu akisema, "Mimi nina aleji ya salfa, usinipe Septrin." Muulize amejuaje, naye atakuonyesha doa jeusi la mviringo kwenye mdomo wa chini, au mkononi, au atakuambia liko sehemu asiyoweza kuionyesha hadharani. Doa lilianza siku alipomeza Fansidar kwa ajili ya malaria, au Septrin kwa ajili ya kikohozi. Pakawasha, pakavimba, pakaiva kama zambarau, pengine pakatoa lengelenge, kisha pakapona na kubaki peusi. Miaka ikapita. Siku moja akameza tena dawa ya jamii ileile, na baada ya saa chache pakaanza kuwasha palepale, ndani ya mpaka uleule wa doa la zamani.

Tumelizoea jambo hili kiasi kwamba hatulishangai, lakini linastahili kushangaza. Dawa ikimezwa huingia kwenye damu, na damu hufika kila mahali. Salfa iliyofika mdomoni imefika pia mgongoni, kwenye nyayo na nyuma ya sikio. Kama aleji ingekuwa jambo la damu tu, mwili mzima ungewasha. Kwa nini basi pawashe mahali pamoja, pa ukubwa wa shilingi, na kila mara pawe ni hapohapo?

Jibu ni kwamba kuna seli za kinga zilizohamia mahali hapo na kukataa kuondoka. Watafiti wa Japani waliochukua vipande vya ngozi kutoka kwenye madoa ya namna hii, yakiwa yamepona na kutulia kabisa, walikuta kwenye tabaka la juu la ngozi seli T (aina ya chembechembe nyeupe za kinga) nyingi, za kundi liitwalo CD8, zimejipanga katikati ya seli za ngozi. Zilikuja wakati wa shambulio la kwanza. Wenzao wengi walikufa au walirudi kwenye damu baada ya kazi, hizi zikabaki. Dawa ikipita tena zinaitambua ndani ya muda mfupi, zinamwaga kemikali iitwayo interferoni gama, na zinaua seli za ngozi zilizo jirani nazo. Seli hizo zikifa, rangi yake nyeusi hudondoka kwenye tabaka la chini, na huko kuna seli nyingine wakazi, makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza kila kilichoanguka. Zinaimeza rangi na kukaa nayo. Weusi unaouona kwenye mdomo wa mtu mwenye aleji ya salfa, kwa sehemu kubwa, ni rangi iliyomo ndani ya makrofaji.

Kabla sijaendelea, niseme hili kwa uzito wake. Mwenye doa la namna hii amwambie kila mtoa huduma kabla ya kupewa dawa, na ahakikishe limeandikwa kwenye kadi au daftari lake la matibabu. Na kama dawa imeleta homa, malengelenge ya mwili mzima, macho kuwa mekundu na midomo kuchubuka, hilo ni jambo jingine na ni la hatari: acha dawa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye seli zenyewe. Wengi wetu tumefundishwa kuifikiria kinga kama kitu kilichomo kwenye damu. Tunasema "chembechembe nyeupe za damu", tunapimwa damu, tunaambiwa kinga imepanda au imeshuka. Picha hiyo ina ukweli, ila ni kipande kidogo cha ukweli. Limfosaiti, yaani kundi la chembechembe nyeupe ambamo seli T zimo, zilizomo kwenye damu yako wakati wowote ni takribani asilimia 2 tu ya limfosaiti zote za mwili. Nyingine ziko kwenye tezi za limfu, bandama, uloto wa mifupa, na ndani ya nyama za viungo vyenyewe. Ngozi ya mtu mzima peke yake imekadiriwa kuwa na seli T zipatazo bilioni 20, karibu mara mbili ya zile zinazozunguka kwenye damu. Ukimchoma mtu sindano ukavuta damu, umewaona wasafiri walioko barabarani siku hiyo. Wenyeji hujawaona.

Na wenyeji wana faida ambayo msafiri hana. Mfikirie balozi wa nyumba kumi. Hana gari wala silaha, lakini anajua nani anaishi wapi, nani ana mgeni, na mlango upi huwa haufungwi usiku. Polisi wa mjini wana nguvu kuliko yeye, ila watachelewa kufika, na wakifika itabidi wamuulize. Seli mkazi ya kinga ipo hivyo. Kidudu kikivuka ngozi iliyochubuka, seli za damuni zinahitaji saa kadhaa kufika kwa wingi, na kwa kidudu kigeni kabisa seli T mpya huchukua siku kadhaa hadi wiki kuandaliwa kwenye tezi za limfu. Seli mkazi huanza kazi ndani ya dakika, na ndiyo inayotoa ishara ya kuita msaada.

Zinabakije? Kwa seli T tunajua mengi kiasi. Kwa kawaida kuna mvuto wa kemikali unaoita seli T zitoke kwenye nyama zirudi kwenye mzunguko. Seli mkazi huvaa protini iitwayo CD69 inayozima kifaa cha kuusikia mwito huo. Nyingi huvaa pia CD103, inayozishikiza kwenye seli za ngozi au za utando wa ndani wa kiungo. Ushahidi ulianza kuonekana kwa panya mwaka 2001, na mwaka 2009 watafiti wa Australia walionyesha kwamba baada ya virusi vya malengelenge kupona, seli T za kumbukumbu hubaki palepale zilipopigana, kwenye ngozi na kwenye vifundo vya neva. Kwa binadamu ushahidi mmoja mzuri ulitokana na watu waliopandikizwa kongosho pamoja na kipande cha utumbo mdogo. Mwaka mmoja baadaye, ndani ya kipande hicho bado kulikuwa na seli T za mtoaji, zikiishi katika mwili wa mtu mwingine, hazijatoka.

Makrofaji zina historia ndefu zaidi, na napenda kuisimulia kwa sababu inaonyesha jinsi kitu kinavyoweza kuonekana mapema na kueleweka baada ya miaka mingi. Mwaka 1868 Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin, alipaka kipande cha ngozi kemikali yenye dhahabu akaona seli zenye matawi. Akadhani ni za neva. Mwaka 1876 Karl von Kupffer, akitafuta neva ndani ya ini kwa kemikali ya namna hiyohiyo, aliona seli zenye umbo la nyota. Zote mbili zilikuwa seli za kinga, na hadi leo zinabeba majina yao. Baada ya hapo, mwaka 1882, Elie Metchnikoff akiwa Messina, Italia, alichoma mwiba ndani ya kiluwiluwi cha kiti cha pwani, kinachopenya mwanga kama kioo. Asubuhi yake aliona seli zimeuzunguka mwiba zikijaribu kuula. Huo ndio ukawa mwanzo wa elimu ya seli zinazomeza. Yeye na Paul Ehrlich waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1908.

Kisha likaja kosa lililodumu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vitabu vilifundisha kwamba makrofaji zote hutokana na uloto wa mifupa: uloto hutoa monosaiti, monosaiti husafiri kwenye damu, zikiingia kwenye kiungo hugeuka makrofaji. Mwaka 2010 uchunguzi wa panya ulionyesha kwamba seli za kinga za ubongo, zinazoitwa mikroglia, zina asili tofauti kabisa. Zinatoka kwenye kifuko cha yoki, kile kinachoambatana na kiinitete katika siku za kwanza za mimba, kabla uloto wenyewe haujakuwapo. Baadaye ikaonekana kwamba makrofaji nyingi za ini, za mapafu na za ngozi nazo zilijipanda humo kabla ya kuzaliwa, nyingine zikipitia kwenye ini la mtoto aliye tumboni. Toka hapo zinajizalisha zenyewe mahali zilipo. Viungo havifanani, hata hivyo. Makrofaji za utumbo nyingi hubadilishwa mara kwa mara na monosaiti kutoka kwenye damu, wakati za ubongo huishi bila kutegemea damu kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "kinga inatengenezwa kwenye uloto", amesema kweli kuhusu sehemu yake.

Jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha ni kwamba kazi kubwa ya seli hizi, siku hadi siku, si vita. Ni usafi na matengenezo. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, halafu humezwa na makrofaji za bandama na za ini. Kila sekunde seli nyekundu zipatazo milioni 2 humalizika namna hiyo. Makrofaji huchambua chuma kilichomo na kukirudisha kitumike kutengeneza seli mpya, kati ya miligramu 20 na 25 kwa siku, wakati chuma tunachopata kwenye chakula kwa siku ni miligramu 1 au 2 tu. Bila urejeshaji huo, hakuna mlenda wala mchicha ambao ungetutosha. Makrofaji za mapafu hula utelezi wa ziada unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Zikishindwa, mapafu hujaa utelezi huo na mtu hukosa pumzi. Moyoni, kwa panya, zimeonekana zikisaidia kupitisha umeme unaopanga mapigo.

Mkazi wa Dodoma anaweza kuelewa uzito wa kazi hii akimtazama mtoto mwenye selimundu. Seli zake nyekundu huishi kati ya siku 10 na 20 tu. Makrofaji za bandama na ini zinazidiwa na mizigo ya seli zilizovunjika, na bandama yenyewe, mishipa yake ikizibwa na seli zenye umbo la mundu, mara nyingi hufa polepole katika miaka ya kwanza ya utoto. Bandama ikifa, zimekufa na makrofaji zake zilizokuwa zikichuja bakteria kutoka kwenye damu. Ndiyo sababu watoto hawa huandikiwa penisilini ya kila siku na kusisitiziwa chanjo ya nimonia. Wazazi wengine huiona penisilini hiyo kama dawa ya kumpa mtoto akiugua. Hapana. Inashika nafasi ya kiungo kilichokwisha. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma sasa hupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na uloto mpya ukishika, damu hubadilika. Seli wakazi hubadilika kwa mwendo wake: za zamani huendelea kuwapo kwa muda kwenye baadhi ya viungo, huku damu tayari ni ya mtoaji.

Mapafu ya nchi ya vumbi

Kuanzia Juni upepo wa Dodoma unapochachamaa, kila mtu anakohoa vumbi. Vumbi kubwa hukwama puani na kooni na kutolewa na makamasi. Chembe ndogo sana, zisizozidi maikromita 5 hivi, ndizo hufika chini kabisa kwenye vifuko vya hewa. Huko hakuna makamasi wala vinyweleo vya kufagia. Kuna makrofaji, zikitambaa juu ya utando mwembamba kuliko karatasi, zikimeza chochote kilichotua. Zinafanya hivyo kimyakimya, maana kila zikiita msaada mapafu yangevimba, na mapafu yaliyovimba hayapitishi hewa vizuri. Uvumilivu ni sehemu ya kazi yao.

Lakini zinachokimeza kina athari. Uchunguzi wa watu wazima nchini Malawi ulionyesha kwamba wanaopikia kuni, na walio katika moshi wa nyumbani kwa jumla, wana makrofaji za mapafu zilizojaa masizi zaidi. Mama anayepuliza moto wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, huko Bahi au Chemba, anazibebesha seli hizo mzigo kila asubuhi na kila jioni.

Kibaya zaidi ni unga wa mawe. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ujenzi umefanya kokoto ziwe biashara ya wengi, na mawe yetu mengi ni ya matale (graniti), yenye madini ya silika. Anayegonga kokoto kwa nyundo anavuta unga wenye fuwele ndogo mno. Makrofaji inaimeza fuwele, inaiweka kwenye kifuko chake cha kuyeyushia, fuwele haiyeyuki. Inatoboa kifuko, asidi na vimeng'enya vinamwagika ndani ya seli, seli inakufa. Fuwele inabaki nzima. Makrofaji nyingine inakuja kuimeza, nayo inakufa. Mzunguko huu huendelea hata mtu akiwa ameacha kazi, na kila mzunguko huacha kovu. Makovu hayo ndiyo silikosisi, na hayana dawa ya kuyaondoa. Kunyunyizia mawe maji kabla ya kuyagonga kunapunguza unga, na barakoa inayobana vizuri inasaidia zaidi ya kitambaa cha kujifunga puani.

Mtu mwenye silikosisi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, na sababu iko humohumo. Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza mwaka 1882, akivutwa na hewa humezwa kwanza na makrofaji mkazi wa mapafu. Hapo angepaswa kufa. Badala yake huzuia kifuko alichomezwa nacho kisiungane na kile chenye asidi, akaishi ndani ya seli iliyotumwa kumuua. Mwili hujibu kwa kumzungushia kinundu cha makrofaji na seli T. Kwa watu wengi kinundu hicho kinatosha: kati ya watu 100 walioambukizwa, wasio na VVU, 5 hadi 10 ndio huugua maishani mwao. Ila makrofaji zilizochoshwa na silika hazina nguvu ya kukishikilia.

Kope za Kongwa

Mfano ninaoupa uzito kuliko yote uko mashariki ya mji wetu. Kongwa imejulikana duniani kwa ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, na imefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980. Husababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis, anayesambazwa kwa vidole, kwa nguo zinazofutia nyuso, na kwa inzi wanaotua kwenye macho yenye tongotongo.

Mhudumu wa afya anapomkagua mtoto hupindua ukope wa juu nje-ndani. Utando wa ndani wa ukope wenye afya ni laini, wa waridi, na unaona mishipa midogo ya damu. Kwenye vikope utaona vijipele vyeupe au vya rangi ya majivu vimetokeza. Kipimo kilichokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni vijipele 5 au zaidi, kila kimoja kisiwe chini ya nusu milimita, katikati ya ukope wa juu. Vijipele hivyo si usaha wala mayai ya mdudu. Ni mikusanyiko ya limfosaiti na makrofaji. Unaiangalia kinga kwa macho yako, imekusanyika ndani ya utando wa jicho. Sijui mahali pengine mwilini ambapo mtu anaweza kuiona hivyo bila hadubini.

Na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Maambukizi moja ya vikope huisha yenyewe, na jicho hupona. Tatizo ni kuambukizwa tena na tena, mwaka baada ya mwaka, kutoka kwa mdogo wako, kutoka kwa mtoto unayelala naye mkeka mmoja. Kila mara seli hukusanyika, hupigana, hutoa kemikali zake, na ukarabati hufuata. Ukarabati wa mara nyingi huacha kovu. Kovu likizidi huvuta ukingo wa ukope kuelekea ndani, kope zinaanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Kinachopofusha mwishoni ni kope na kovu, na kovu limejengwa na mwitiko wa kinga yenyewe. Kwa baadhi ya watu wazima kovu huendelea kukua hata pale bakteria haonekani tena kwenye vipimo. Wanawake huathirika zaidi ya wanaume kwa sababu wao ndio hukaa karibu na watoto wadogo, na wengi wamejizoesha kung'oa kope kwa kibano ili wapate nafuu ya siku chache.

Ninapoona chupa za "kuongeza kinga" zikiuzwa stendi na kwenye simu, huwa nafikiria macho hayo. Kinga si kiwango kimoja kama mafuta kwenye tangi, kwamba kikiwa juu ndiyo heri. Mtoto wa Kongwa hapungukiwi na kinga kwenye jicho. Anachohitaji ni bakteria wasirudi kila wiki, ili seli zilizopo zipumzike. Utafiti uliofanyika Kongwa na kuchapishwa mwaka 1995 ulilinganisha vijiji vilivyopewa dawa ya kupaka machoni peke yake na vijiji vilivyopewa dawa pamoja na kampeni ya kuosha nyuso za watoto. Trakoma kali ilikuwa ndogo zaidi kwenye vijiji vya kuosha nyuso. Leo dawa ni azithromaisini ya kumeza inayogawiwa kijiji kizima, kope zilizogeuka hufanyiwa upasuaji mdogo, na uso msafi, maji na vyoo vinabaki sehemu ya tiba. Katika wilaya ambayo ndoo ya maji inatafutwa kwa mguu, ni rahisi kusema "osha uso", na si rahisi kuuosha.

Neno kidogo kuhusu CD4, kwa kuwa wengi wanalijua kutoka kliniki ya CTC. Kipimo hicho huhesabu seli T za CD4 zilizomo kwenye damu, na kimewasaidia watu wengi sana. Lakini VVU katika wiki za mwanzo hushambulia zaidi seli T za CD4 zinazoishi kwenye utando wa utumbo, ambako ziko kwa wingi. Zinaweza kuteketea huko wakati hesabu ya damu bado haijashuka sana. Utando ukibaki bila walinzi wake, mabaki ya bakteria wa tumboni hupenya na kuingia kwenye damu, na mwili hubaki katika hali ya uvimbe wa muda mrefu. ARV zikianza, CD4 za damu hupanda. Za utumbo hurudi taratibu zaidi, na hurudi vizuri zaidi kwa aliyeanza dawa mapema. Hiyo ni sababu ya kutosha ya mtu kuanza dawa siku anapopata majibu, bila kusubiri ajisikie mgonjwa au CD4 zishuke.

Sindano na matone

Kama seli za kumbukumbu hubaki pale zilipofundishwa, basi mahali chanjo inapoingilia mwilini pana maana kubwa. BCG, chanjo ya kifua kikuu, huchomwa ndani ya ngozi, juujuu, begani kulia, siku chache baada ya kuzaliwa. Kovu lake karibu kila Mtanzania analo. Huwakinga vizuri watoto wadogo na kifua kikuu kinachosambaa mwilini na kile cha utando wa ubongo. Kwa mapafu ya mtu mzima kinga yake ni dhaifu. Maelezo mojawapo ni kwamba chanjo ya ngozini haiachi seli T wakazi za kutosha ndani ya mapafu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa nyani BCG ileile kwa kuichoma kwenye mshipa wa damu. Mapafu yao yalijaa seli T, na walipowekewa bakteria wa kifua kikuu, nyani 9 kati ya 10 walikingwa, na 6 kati yao hawakuonekana na maambukizi kabisa. Njia ya mshipa si ya kumpa mtoto mchanga kliniki, hivyo wengine wanajaribu chanjo za kuvutwa kwa hewa zinazofika mapafuni moja kwa moja.

Kwa polio tunalo somo hilo tayari mikononi mwa manesi wetu. Kinamama kwenye kliniki huuliza kwa nini mtoto wa wiki 14 apewe matone mdomoni na bado achomwe sindano ya polio siku hiyohiyo, kama vile ameandikiwa mara mbili kwa makosa. Sindano hujenga kingamwili, yaani protini zinazomnasa kirusi, kwenye damu, na hizo humzuia kirusi asifike kwenye neva, kwa hiyo mtoto hapoozi. Lakini haijengi kinga imara kwenye utumbo, na mtoto aliyechomwa sindano peke yake anaweza kubeba kirusi tumboni na kukitoa kwa njia ya choo. Matone hupita njia ileile anayopita kirusi cha polio, yakiamsha seli zinazoishi kwenye utando wa utumbo zitoe kingamwili zake palepale. Mwaka 2022, baada ya kisa cha polio kuthibitishwa Malawi, wahudumu walipopita nyumba kwa nyumba Tanzania wakiwa na vibebeo vya baridi mabegani, walibeba matone kwa sababu hiyo: kirusi kilitakiwa kisipate utumbo wa kuzalianamo. Kwa hiyo nesi akikuambia zote mbili, mpe mtoto zote mbili.